Nilivyohesabiwa kwa Jembe

Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alianguka kutoka juu ya mti akitundika mzinga, na shida zetu zikaanza siku ile ile kabla hata nyuki hawajatulia. Hakufa. Nasema mapema, maana kuna watu wakisikia mtu kaanguka wanaanza kutafuta leso. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akala, akagombana, akaongoza sala za nyumbani kwa sauti kubwa, ila nyonga yake haikukubali tena kuinama. Na huku kwetu Suji, ambako shamba limesimama kama ukuta, mwanaume asiyeweza kuinama hana kazi iliyobaki isipokuwa kutoa ushauri.

Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Nyuma yangu walifuata wasichana wanne, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayerudia kosa. Hayo ni maneno ya watu, si yangu. Alipozaliwa wa tano, mkunga alitoka nje akamwambia baba, "Mzima, analia vizuri," kisha akarudi ndani. Baba akajua. Habari ya mtoto wa kiume haiji na maelezo ya kilio.

Lawama zote zilikuwa za mama. Mpaka siku moja mama akarudi kutoka zahanati amechangamka, kwa sababu muuguzi aliwaambia wanawake kwamba mtoto kuwa wa kike au wa kiume kunatokana na mbegu ya baba. Mama akaieleza habari hiyo mbele ya chungu cha makande, polepole, kama mtu anayesoma hukumu. Baba alitafuna muda mrefu. Mwisho akasema, "Sawa. Lakini usiyatoe nje." Mama hakuyatoa nje. Aliyaweka ndani, akawa anayatumia kila anapoyahitaji.

Sasa nieleze habari ya maji, kwa sababu bila maji hakuna hadithi. Juu ya kijiji chetu kuna ndiva, bwawa dogo la mawe na udongo wa mfinyanzi walilolijenga mababu. Mfereji unaleta maji kutoka mlimani, yanajikusanya, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani. Kila nyumba ina zamu yake. Na ili uwe na zamu, lazima pembe ikipulizwa uende kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzoa tope na kushindilia kuta. Nyumba ikikosa mara tatu mfululizo, zamu yake anapewa mwingine. Shamba letu la chini ya mfereji, lililotulisha maharage wakati wa kiangazi, bila zamu lingebaki mahali pa kufungia mbuzi.

Na msaragambo wa ndiva ulikuwa wa wanaume. Mwanamke aliyevunja ungo, yaani aliyekwisha kuanza kuona damu ya kila mwezi, alikatazwa kukanyaga mle. Akikanyaga, walisema, ndiva itavuja. Hakuna aliyebisha, kwa sababu hakuna aliyewahi kujaribu. Miiko mingi huishi miaka mia kwa njia hiyo, haipimwi.

Siku ya tatu baada ya baba kuanguka akaja mdogo wake, baba yangu mdogo, na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa na watoto wa kiume wanne na alitembea kama aliyewafinyanga kwa mkono.

"Kaka, pole sana," akasema. "Wewe ugua kwa amani. Shamba la chini nitakushikia. Wanangu watakwenda msaragambo, zamu itakuwa salama."

"Utalishika mpaka lini?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Mpaka mpate kijana wa kiume, shemeji."

"Na tusipompata?"

"Shemeji, mbona unamkatia Mungu tamaa?"

Alipoondoka baba akasema tulifikirie jambo lile, kwamba ndugu ni ndugu. Mama akasema kushikiwa shamba ni kunyang'anywa kwa adabu. Wakabishana wiki mbili. Katika wiki hizo pembe ikalia mara mbili, na mara zote mbili hakwenda mtu kutoka kwetu.

Pembe ya tatu ililia asubuhi ya Jumatano. Ningependa niwaambie kwamba niliinuka kwa ushujaa kuokoa urithi wa baba. Ukweli ni kwamba siku hiyo ilikuwa zamu yangu ya kuwaogesha wadogo zangu wote wanne, na maji yalikuwa ya baridi, na yule wa tatu alikuwa anauma. Nikalichukua jembe la baba nyuma ya mlango, nikapanda juu.

Utaratibu wa pale ulikuwa hivi. Kila anayefika anachomeka jembe lake kwenye tope la ukingoni, kisha anakwenda kukaa na wenzake. Wakishafika, msimamizi wa maji anapita akihesabu majembe, si watu, kwa sababu watu wanahamahama na jembe likichomekwa linatulia. Anagusa mpini mmoja mmoja akitaja nyumba. Nikachomeka langu mwisho wa mstari. Msimamizi akaja akihesabu mpaka akafika kwenye jembe letu, lenye mpini uliofungwa waya.

"Hili ni la kwa mwenye nyonga," akasema. "Kapona?"

"Hajapona," akajibu baba mdogo. "Sijui nani kalileta."

"Nimelileta mimi," nikasema.

Vichwa vyote vikageuka. Msimamizi akanitazama kuanzia miguuni, akarudi juu, safari fupi.

"Shikamoo," nikamwambia, maana nilikuwa sijamsalimia.

"Marahaba. Umetumwa chakula?"

"Nimeleta jembe."

"Rudi nyumbani, mama yako akupe kazi."

"Kanipa. Nimeikimbia ndiyo nikaja huku."

Wakacheka. Na mimi siku hiyo nikajifunza kitu kimoja kuhusu wanaume: wakishacheka, hawawezi kukufukuza kwa ukali ule waliokusudia. Baba mdogo peke yake hakucheka. Akasimama, akasema mwiko ni mwiko, mwanamke haingii ndiva, hata akiwa mtoto wa kaka yake.

Pale palikuwa na mzee mmoja mkongwe kuliko wote, ambaye alikuja kila msaragambo kukaa juu ya jiwe na kusahihisha wanaochimba. Akainua fimbo yake.

"Huyu kavunja ungo?"

Wakamtazama baba mdogo.

"Mimi nitajuaje?" baba mdogo akasema, kama aliyetukanwa.

"Binti," mzee akaniuliza mwenyewe, "umevunja ungo?"

"Bado."

"Basi huyu si mwanamke. Mwanaume pia siye. Mtoto ni kama kifaranga cha wiki mbili, huwezi kujua kama utakula mayai yake au supu yake. Achimbe. Siku akivunja ungo aondoke, na zamu ya kwao aichukue baba yake mdogo."

Wote wakaona ni hukumu nzuri. Hata baba mdogo aliiona nzuri, maana alijua siku hiyo haina budi kufika. Nikaingia kwenye tope mpaka magotini.

Sasa fikirini. Mwili wangu, ambao mpaka siku ile nilidhani ni wangu, ukawa kama mvua: kijiji kizima kinausubiri. Mama akikutana na wanawake njiani walimsalimia, wakauliza habari za mgonjwa, halafu wakateremsha sauti.

"Bado?"

"Bado."

Baba mdogo yeye hakusubiri kwa mikono mitupu. Mtu mmoja alimwambia kuwa msichana akilishwa vizuri hukua haraka. Kuanzia hapo ukaanza ukarimu ambao ukoo wetu ulikuwa haujawahi kuuona. Maziwa yakawa yanakuja kila baada ya siku mbili. Mbuzi akichinjwa kwake, sisi tunaletewa mguu. Mke wake alifika na mayai, akaniita chumbani, akanitazama usoni kama anayekagua papai, akaondoka.

"Mwambieni huyo mkubwa ale," alisema kila mara. "Ale ashibe."

Mama alipokea kwa mikono miwili na shukrani nyingi. Mimi akanipa mchicha. Nyama akawapa baba na wadogo zangu. "Hawa," akasema, "hawana haraka." Wadogo zangu wakanenepa mpaka mwalimu akauliza kama baba kapata kazi.

Pale ndivani mimi nikawa nachimba. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakakauka, yakatoka mengine. Nilidhani wanaume wakiwa peke yao wanazungumza mambo makubwa. Nilikuwa nimejiandaa kusikia siri za ardhi na serikali. Jamani! Walizungumza migongo yao. Walizungumza mke wa fulani anavyotia chumvi. Walisengenya mchana kutwa, na walisengenya kwa mpangilio, nyumba kwa nyumba kufuata mfereji, kiasi kwamba ukisikia wamefika kwa jirani unajua kesho ni kwenu. Shangazi yangu, aliyejulikana kwa mdomo, angekaa pale siku moja angeona aibu.

Siku moja mwanaume mzima, mwenye kifua kama mlango, alijikata mguu na jembe lake mwenyewe. Wenzake wakauliza, "Vipi?" Akasema, "Kawaida." Akapiga mluzi. Akaenda nyuma ya jiwe kubwa akipiga mluzi. Mimi nilikuwa nimekwenda huko kuchukua udongo, nikamkuta amekaa chini, machozi yanatiririka na midomo bado imekunjwa kwa mluzi.

"Usiseme," akaniambia.

"Sisemi."

"Inauma."

"Naona."

Nikamfunga kwa kipande cha kanga yangu. Akarudi akichechemea, akawaambia wenzake kajifunga mwenyewe. Nikatambua kwamba wao nao wanafundishwa. Mimi nilifundishwa kukaa na magoti pamoja, yeye alifundishwa kupiga mluzi. Mguu wenyewe ulikuwa haujui ni wa kiume, ulitoka damu kama wa mtu yeyote.

Nikavunja ungo nikiwa na miaka kumi na minne, asubuhi, tukichuma maharage. Nilikaa chini kati ya mistari nikaona dunia imekwisha. Sikuogopa damu, nilikuwa nimesikia ya kutosha jikoni. Niliogopa shamba lile lile nililolikalia, kwamba kuanzia dakika ile si letu. Nikamwita mama. Akaja, akanitazama, akanipeleka nyumbani, akanifundisha ya kufundishwa, akanipa vitambaa.

"Basi imekwisha," nikamwambia. "Mzee alisema siku ikifika niondoke."

"Alisema uondoke. Alisema utangaze?"

"Hapana, lakini..."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna."

"Basi maliza maharage."

Mama alikuwa mtu wa kanisa, hakupenda uongo. Kwa hiyo hakudanganya. Wanawake walipomuuliza njiani "Bado?" aliinua macho mlimani, akasema, "Naona wingu lile limeganda, labda jioni," akaendelea na safari. Watu wakadhani anazeeka mapema.

Mimi nikaenda msaragambo. Mara ya kwanza nilikanyaga tope nikiwa nimefumba macho, nasubiri ukuta ubomoke. Vyura waliendelea kulia. Baba mdogo akapiga chafya. Basi. Mara ya pili nikafumba jicho moja. Mara ya tatu nikasahau.

Hapa niruke kidogo, nije kwenye wakati huu. Mwaka jana tuliitwa kwenye semina Same mjini, wazee na vijana, tukapewa soda na maandazi. Binti mmoja msomi, mpole, akabandika karatasi kubwa ukutani akachora mstari katikati. Huku akaandika jinsi, kwamba ni mambo tuliyozaliwa nayo. Kule akaandika jinsia, kwamba ni mambo tuliyopangiwa na jamii. Akatuambia tutaje. Kuzaa kukawekwa huku. Ndevu huku. Kupika, kuchimba, kuvaa suruali vikaenda kule. Mwanaume mmoja akasema, "Kulia," na ukumbi ukagawanyika, vijana wa bodaboda wakipiga kelele kwamba kulia ni kwa wanawake kimaumbile, mpaka mmoja wao akakumbushwa na mwenzake alivyofanya timu yake ilipofungwa.

"Bibi mbona umekaa kimya?" yule binti akaniuliza.

"Mwanangu, nitafute kwenye karatasi yako," nikamwambia. "Nina miaka kumi na minne. Nimevunja ungo, na nipo ndani ya ndiva nachimba, nahesabiwa mwanaume, na hakuna anayejua. Niweke upande gani?"

Akashika kalamu akafikiri. Nampenda mtu anayefikiri. Akasema, "Bibi, ingekuwa vizuri hiyo uiandike." Nikamwambia nimeishia darasa la nne, herufi zangu kubwa kama mahindi. Akasema mahindi yanasomeka. Ndiyo maana mnasoma.

Lakini nilimwambia na hili, nalirudia hapa asije mtu akanitumia vibaya. Mwili una maneno yake, sibishi. Nimezaa watoto watatu na sikuona mwanaume akijitolea kunishikia zamu. Ila mwili haukuwahi kuniambia nioshe vyombo. Hilo aliniambia shangazi.

Turudi. Nilikuwa nimekwisha kuingia ndivani mara tano tangu ile asubuhi ya maharage, pakatokea jambo. Masika yaliisha, tukaamka siku moja ndiva imepungua nusu. Maji yalikuwa yanatoka chini ya ukuta upande wa bonde na kupotelea porini. Pembe ikalia kama ya msiba. Hata baba alikuja, mara yake ya kwanza tangu aanguke, kwa fimbo mbili na hasira ya njia nzima.

Tukachomeka majembe. Kabla hayajahesabiwa, baba mdogo akasimama. Miaka miwili ya maziwa na mayai ilikuwa imemchosha.

"Ndiva haivuji bure," akasema. "Kuna mtu kaingia na yake."

Hakunitazama. Hakuhitaji, wenzake walinitazama kwa niaba yake. Mzee mkongwe akageuza fimbo kuelekea kwangu.

"Binti. Niliwahi kukuuliza swali."

"Ndiyo, babu."

"Nakuuliza tena."

Nilimwona baba ameegemea fimbo zake. Nikaliona na shamba la chini, kijani, maharage yanaanza kutoa maua. Ningeweza kusema bado. Lakini nilikuwa nimeulizwa, na mama alishanifundisha mpaka wa jambo lile ulipo.

"Nimevunja ungo," nikasema.

"Lini?"

"Tangu maharage ya kiangazi. Nimeingia humu mara tano."

"Mara tano!" baba akasema. "Mbona mimi sikuambiwa?"

"Mnasikia?" baba mdogo akasema. "Mnasikia wenyewe? Kakiri!"

"Babu," nikasema, "mara nne za kwanza ndiva haikuvuja. Ilikuwa imelala?"

Basi, hapo ndipo mambo yalipowaka. Sisi Wapare tukipata kesi hatuna haraka ya kitu kingine. Nyumba ikiungua tutaizima, lakini kwanza tusikilize upande wa pili. Wakakaa chini. Maji yanapotea bondeni, wao wanauliza kama mwiko unapiga papo hapo au unaweza kukawia. Mmoja akasema babu yake alikufa miaka saba baada ya kula kiapo, kwa hiyo mwiko una subira. Mwingine akasema huo ulikuwa uzee. Wakaingia kwenye faini: mbuzi mmoja au mara tano? Msimamizi wa maji akasema sheria inasema mbuzi kwa kosa, wala si kwa mguu. Baba, ambaye mguu ulikuwa unamuuma, akataka kujua kama aliyepeleleza mwili wa mtoto wa kaka yake kwa mayai naye hana faini. Baba mdogo akasema yale mayai yalikuwa ya upendo.

Mimi nikawaacha. Nikazunguka upande wa bonde, nikafuata sauti ya maji mpaka chini ya mawe makubwa ya msingi. Palikuwa na tundu. Fuko alikuwa amechimba kutoka nje, akapita kati ya mawe mawili, akatokea ndani. Mlima mzima wa kuchimba, na yeye kachagua pale.

"Ni fuko!" nikapiga kelele. "Njooni muone!"

Wakaja, kesi wakaja nayo. Msimamizi akalala kifudifudi akaingiza mkono. Ukakwama kwenye kiwiko. Akautoa umechubuka. Baba mdogo akasema, "Pisha," akaingiza wake. Ukakwama kabla hata ya kiwiko, maana alikuwa mwanaume wa maziwa na yeye. Yule mwenye kifua kama mlango hata hakujaribu, alitazama mkono wake, akatazama tundu, akapiga mluzi. Mmoja akashauri waling'oe jiwe. Mzee mkongwe akasema, "Ling'oe, uoge mpaka tambarare."

Nikalala chini. Mkono wangu ukaingia. Ukapita kiwiko, ukafika begani, shavu langu likawa limebanwa kwenye jiwe na maji yanapita mdomoni. Nikapapasa nikaupata mdomo wa ndani, maji yananivuta vidole.

"Udongo!" nikasema.

Hawakusogea. Walikuwa hawajawahi kutumwa na mwanamke, isipokuwa wake zao, na hao huwatuma kwa njia ya kuzunguka.

"Udongo wa mfinyanzi, na majani makavu, haraka! Mnangoja nini, kesi?"

Baba ndiye aliyecheka kwanza. Halafu wakakimbia. Wakawa wanafinyanga matonge makubwa kama ngumi wananipa, naingiza, nashindilia, narudisha mkono, napokea jingine. Tonge, majani, tonge, majani. Baba mdogo naye alifinyanga, lazima niseme haki, na matonge yake yalikuwa mazuri. Sijui tulichukua muda gani. Najua kwamba ilifika mahali maji yakawa machozi, halafu yakawa jasho, halafu mawe yakakauka.

Nikainuka. Upande wangu mmoja ulikuwa tope mpaka sikioni. Mzee mkongwe alikuwa ameshushwa kutoka kwenye jiwe lake, ameshikwa mikono na watu wawili ili aone. Akatazama pale mahali. Akagusa kwa fimbo.

"Mwiko umevunjwa," akasema. "Mbuzi atoke."

"Atatoka," baba akasema.

"Na zamu?" baba mdogo akauliza. "Hukumu ilikuwa akivunja ungo zamu inakuja kwangu. Mliisikia wote."

"Niliitoa mimi, naikumbuka," mzee akasema. "Zamu ya maji ni ya aliyeyazuia."

"Lakini mzee, huyu ni mwanamke!"

"Nimeona. Mikono ya wanaume haikuingia."

Baba mdogo akaanza kujipangusa udongo mikononi. Nilimwonea huruma. Alikuwa amelisha wasichana wanne kwa miaka miwili na hana alichopata.

Baba akakohoa. "Mzee, huyo mbuzi. Atoke dume au jike?"

Mzee akamtazama, kisha akanitazama mimi nilivyolowa.

"Yeyote," akasema. "Leo hatuulizi."

Mbuzi akachinjwa pale pale juu siku ya pili. Kukawa na mjadala mwingine, kwa sababu kuna nyama za wanaume na kuna nyama za wanawake, na hawakujua mimi nipewe zipi. Walipofika katikati ya mjadala nilikuwa nimeshakula ini.

Nyama za baba mdogo zilikoma wiki ile, na wadogo zangu walinichukia kwa muda. Zamu ikabaki kwetu. Baba alipofariki, baba mdogo alipeleka shauri la shamba mbele ya baraza, kwamba binti harithi. Baraza likauliza nani amekuwa akihudhuria msaragambo kwa jina la nyumba ile, na watu wakasimama mmoja mmoja wakanitaja mimi. Hata aliyepiga mluzi.

Walisema sitaolewa, kwa sababu mikono yangu ni migumu. Nikaolewa na mwanaume wa tambarare, kutoka Lembeni, aliyeniona sokoni Same nikibishana bei ya maharage akasema yule akiwa upande wangu nitalala usingizi. Alikuja kuishi kwangu, mlimani, na watu wakamtania mpaka wakachoka. Anapika makande kunishinda. Nilipoona hivyo nikamwachia sufuria, nikaenda zangu shamba, na hakuna ukuta uliobomoka. Siku hizi wasichana wachache wanakuja ndivani. Wengine hawataki, wanasema kazi ni ngumu na tope linanuka. Ni kweli, ni ngumu na tope linanuka. Asiyetaka asije. Ila iwe ni kwa kuwa hataki, si kwa kuwa kakatazwa.

Leo nina haya. Shamba la chini ya mfereji, pamoja na zamu yake ya maji kila Alhamisi. Shamba la pili la tangawizi, nililonunua. Nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitano, bati halijashika kutu. Ng'ombe wa maziwa wawili na ndama. Mbuzi tisa. Mashine ya kusaga moja, inayofanya kazi. Vyumba vinne vya kupangisha Same, karibu na stendi. Pikipiki moja, naendeshewa. Watoto watatu, wote wamesoma kunipita. Mume mmoja. Meno yangu yote isipokuwa mawili. Simu, kioo chake kimepasuka lakini inaita.